Mchezo wa Katikati

Gololi zilidondoka kwenye karai moja moja, ndogo kuliko mbaazi, na kijana wa gereji akainama kuziokota zile zilizorukia vumbini. Fundi hakuzitazama. Alikuwa ameshika shafti fupi yenye mfereji uliojisokota kama skrubu nene, bado inachuruzika mafuta ya taa. Akapitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya mfereji ule, polepole, kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akanipa.

"Pitisha kidole, mwalimu. Usiangalie. Sikiliza kwa ukucha tu."

Nikapitisha. Mwanzoni chuma kilikuwa laini kama ndani ya kikombe cha kauri. Nilipofika katikati ukucha ukakwaruza, ukashuka kwenye kijibonde, ukapanda, ukashuka tena. Nikavuka, na upande wa pili chuma kikawa laini kama siku kilipotoka kiwandani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini gari langu liliyumba kwenye barabara iliyonyooka na kutulia kwenye kona.

Gari lenyewe ni Datsun 1600, ile ambayo wapenzi wake huiita kwa nambari ya kiwandani, 510. Huko Japani ilianza kuuzwa mwaka 1967 kwa jina la Bluebird. Ina injini ya sentimita za ujazo 1595, kila gurudumu lina springi yake na hupanda na kushuka bila kumtegemea mwenzake, na umbo lake mtoto angeweza kulichora kwa rula. Nimeliendesha miaka 11. Kabla yangu liliendeshwa na watu nisiowajua, kwenye barabara ninazozijua kwa makovu tu. Watu hao wote, na mimi baada yao, tuliishi pamoja katika kipande kile kifupi cha mfereji kisichozidi upana wa kucha mbili. Hapo ndipo usukani hukaa mtu anapokwenda mbele. Kona huja na kupita, lakini sehemu kubwa ya safari hufanyika katikati, kwa marekebisho madogo ambayo mkono huyafanya bila kumwarifu mwenyewe.

Sanduku la usukani, au stelingi boksi kama wanavyoliita mafundi, ni kifaa cha werevu mkubwa, na ninataka kulitendea haki kabla sijaeleza kwa nini nililing'oa. Dereva akizungusha usukani, shafti ile yenye mfereji huzunguka ndani ya kipande cha chuma kilicho kama nati kubwa. Kama viwili hivyo vingegusana, vingesuguana na mkono ungechoka. Kwa hiyo katikati yake kumejazwa gololi. Gololi hubiringika mferejini, zikifika mwisho huingia kwenye kijibomba kinachozirudisha mwanzo, na mzunguko huendelea. Nje ya nati kuna meno. Meno husukuma gia yenye umbo la kipande cha duara, gia hugeuza mkono mfupi ulio chini ya gari, mkono husukuma fimbo ndefu, na upande wa pili fimbo hiyo hubebwa na mkono mwenza, aidla, ambao kazi yake ni kufuata tu. Kutoka kwenye fimbo, tairodi mbili huenda kwenye magurudumu. Cadillac ilianza kutumia sanduku la namna hii mwaka 1940, na baadaye likaenea katika magari mazito na malori, ambako linafanya kazi hadi leo.

Siku ile nilihesabu viungo vilivyo kati ya kiganja changu na tairi. Meno ndani ya sanduku, mhimili wa aidla, kisha boljointi sita. Kila kimoja kikilika kwa unene wa karatasi tu, ukivijumlisha usukani huzunguka upana wa vidole vitatu kabla tairi halijapata habari. Mafundi husema usukani "una mchezo". Nimekaa na neno hilo muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mchezo wa chuma ni nafasi iliyoachwa kati ya vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja, na nafasi kidogo ni ya lazima, la sivyo vitu hukwama na kimoja kula mwili wa mwenzake. Ikizidi, kila kimoja huanza kuishi maisha yake.

Miaka minne iliyopita gereji moja iliniambia kwamba dawa ni kukaza skrubu iliyo juu ya sanduku. Nilikubali kwa sababu ilikuwa dawa ya dakika kumi. Skrubu ile husogeza gia karibu na nati, na kweli, katikati palipochakaa mchezo uliisha. Lakini pembeni, ambako chuma kilikuwa bado kizima, meno yalibanana. Jioni hiyohiyo niliingia kwenye mzunguko wa barabara, nikageuza, kisha nikalegeza mikono ili usukani urudi wenyewe kama ilivyo desturi yake. Haukurudi. Ulibaki pale nilipouacha, na gari likaendelea kujipinda kuelekea ukingoni. Niliuvuta kwa mikono yote miwili na nikafika nyumbani salama, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimerekebisha ugonjwa wa katikati kwa kuuhamishia pembeni, mahali ambapo mtu huenda mara chache na ambapo kosa halina nafasi ya kusahihishwa.

Sanduku jipya halikupatikana. Yaliyopatikana ya mitumba yalikuwa yamelika palepale, katikati, kama langu. Nilipitisha ukucha ndani ya masanduku matatu yaliyotoka kwenye magari matatu tofauti, na yote yalinipa habari ileile.

Wazo la reki lilikuwa langu. Reki na pinioni ni kitu ambacho mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kukielewa ukimwonyesha mara moja: gia ndogo ya duara mwishoni mwa shafti ya usukani, na chini yake fimbo iliyonyooka yenye meno kama kichana. Gia ikizunguka, fimbo huteleza kushoto au kulia, na kila ncha yake ina tairodi inayokwenda kwenye gurudumu. Boljointi ni nne badala ya sita, aidla haipo, nati haipo, gololi hazipo. Nyuma ya fimbo kuna springi inayoisukuma ikumbatie gia, ili meno yakilika kidogo pengo lizibwe.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Reki ni ya lami, mwalimu. Sanduku ni la barabara zetu."

Alikuwa na haki ya kusema. Ujana wake wote aliumalizia chini ya Pijo. Peugeot zile, kuanzia 403 hadi 404 na 504, zote zilikuwa na reki, na yeye amezibadilisha nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Alinieleza jinsi raba inayofunika ncha za reki inavyopasuka, vumbi la murram likaingia na kuchanganyika na grisi likawa msasa, na baada ya miezi kadhaa usukani ukaanza kugonga kwenye kila tuta. Kisha akasema jambo ambalo lilinikaa. "Reki hukwambia kila jiwe. Ukifika Nakuru mikono imechoka kusikiliza."

Nilimjibu kwa historia, kwa sababu ndiyo silaha niliyokuwa nayo. Nilimkumbusha Safari Rally. Peugeot 404, gari la reki, ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, na mara ya nne mwaka 1968. Hapakuwa na lami ya kutosha kusema walishinda kwa lami. Na kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unalihusu gari langu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, ndugu wa damu wa hili langu, lenye sanduku lilelile la gololi. Mwaka uliofuata walewale wawili walishinda tena, sasa wakiwa na Datsun 240Z, na 240Z ina reki. Dereva yuleyule, msomaji ramani yuleyule, kampuni ileile, matope ya Afrika Mashariki yaleyale. Kilichobadilika kati ya Pasaka moja na nyingine, pamoja na mambo mengine mengi, ni njia ambayo barabara ilipita kuifikia mikono yao.

"Hao walikuwa na gari la mafundi likiwasubiri mbele," akasema fundi. "Wewe utasubiriwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Lakini mazungumzo yale yalinifanya niache kuliona sanduku kama kosa la wahandisi wa zamani. Reki haikuwa siri. Citroën iliiweka kwenye Traction Avant mwaka 1936; Alec Issigonis aliitumia kwenye Morris Minor ya mwaka 1948, kigari cha watu wa kawaida, na wengi walioendesha Minor husifu usukani wake kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Waliochora 510 waliijua reki vizuri. Walipochagua sanduku walikuwa wakijibu swali fulani. Jiwe likipiga tairi, pigo hulazimika kupita kwenye tairodi, fimbo, mkono, gia na gololi kabla ya kufika kiganjani, na kila kiungo hulipunguza. Kinachofika ni mnong'ono. Dereva wa teksi aliyekaa nyuma ya usukani ule saa 12 kwa siku, kwenye barabara yenye mashimo, alifaidika na habari kucheleweshwa. Mimi niliyetaka kusikia barabara ni mtu wa safari fupi za mwisho wa juma, na ni lazima nikubali kwamba matamanio yangu ni ya mtu aliyeshiba mapumziko.

Hata hivyo nilitaka kusikia. Sababu yake, nadhani, imo ndani ya neno lenyewe. Kabla gari halijafika kwetu, usukani ulikuwa majini. Ni ule ubao ulioning'inizwa nyuma ya chombo, unaokata maji na kukigeuza, na mpini wake watu wa pwani wanauita kana. Nahodha aliyeshika kana hana kitu kati yake na bahari isipokuwa mti. Mkondo ukibadilika chini ya chombo, kana husukuma kiganja chake kabla macho hayajaona alama yoyote juu ya maji. Niliwahi kuishika kana ya jahazi dogo kwenye mkondo wa Lamu, kwa dakika chache, mwenyewe amekaa ubavuni mwangu tayari kuinyakua. Jambo nililolikumbuka baadaye halikuwa uzito wake. Ulikuwa mtetemo, kama kushika mkono wa mtu anayezungumza. Tulipolipa gurudumu la gari jina la usukani tulilipa pia matarajio hayo, na mimi nilikuwa nimekaa miaka 11 nimeshika usukani uliokuwa ukinifikishia habari kwa kuchelewa.

Fundi alikubali mwishowe, kwa sharti moja. "Hatutoboi gari. Tunachofunga leo, mtu aweze kukifungua kesho akarudisha la zamani." Sharti hilo lilitugharimu wiki tatu zaidi, na sijutii hata siku moja kati yake. Tulitafuta krosimemba ya pili, ile boriti ya chuma iliyo chini ya injini ambayo reki ingefungwa, kutoka 510 iliyokwisha kuoza, tukaifanya hiyo ndiyo ya kukatwa na kuchomelewa, na ya asili tukaitia mafuta na kuihifadhi nzima.

Reki ilitoka Grogan, kwa wauza vipuri. Nairobi imejaa Subaru zilizoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani, zenye usukani upande wa kulia kama Datsun yangu, na wenye 510 huko Marekani wamekuwa wakitumia reki za Subaru kwa kazi hiihii. Ilikuwa reki ya kusaidiwa na pampu ya oili, nasi hatukuwa na pampu. Fundi aliifungua, akatoa sili ya pistoni iliyo ndani ili kisibaki kitu cha kuzuia hewa kupita upande huu na ule, akasafisha, akatia grisi, akaziba matundu ya mabomba. Kazi hiyo aliimaliza asubuhi moja. Ugumu haukuwa hapo, ingawa mimi, kwa ujinga wa mtu aliyesoma, nilidhani kwamba reki ikishapatikana kazi imekwisha.

Ugumu ulikuwa mahali pa kuiweka. Gurudumu la mbele la Datsun halipandi wima likikanyaga tuta. Limeshikwa chini na amu iliyofungwa kwenye krosimemba kwa bushi, na amu hiyo hupanda kama mlango unaofunguka kuelekea juu. Ncha yake huchora kipande cha duara. Tairodi nayo imeshikwa ndani kwenye ncha ya reki, na inapopanda huchora duara lake. Maduara hayo mawili yakikubaliana, gurudumu hupanda na kushuka likiangalia mbele muda wote. Yasipokubaliana, tairodi huvuta au husukuma, na gurudumu hujigeuza lenyewe hali mikono ya dereva imetulia. Ukikanyaga tuta unajikuta umehama njia. Mabaharia wana neno la chombo kinachoyumba kikaacha mwelekeo wake, kwamba kinakwenda mrama, na sijapata neno lililo sahihi zaidi kwa gari la namna hiyo.

Dawa yake ni hesabu ya mahali. Kiungo cha ndani cha tairodi kinatakiwa kikae kwenye mstari unaolingana na kiungo cha ndani cha amu, na tairodi iwe na mlalo unaofanana na wa amu. Reki ikiwa ndefu mno au fupi mno, juu mno au chini mno, utaona. Tulitoa springi ndani ya shokapu ili gurudumu lipande na kushuka bila kupigana nasi. Tukaegemeza ubao wa plaiwudi kwenye rimu, tukachora mistari ya chaki sakafuni, tukainua gurudumu kwa jeki sentimita moja baada ya nyingine, na kijana akapima kila mara umbali wa ncha ya mbele ya ubao na ncha ya nyuma. Mara ya kwanza, gurudumu lilipopanda sentimita 5 ncha ya mbele ilikuwa imetoka nje milimita 6. Kwa macho, milimita 6 si kitu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu moja likiwa juu ya tuta na jingine shimoni, ni mkono wa mtu mwingine kwenye usukani wako.

Fundi alikata vishikio vya reki, akavipandisha, akavichomelea upya. Tukapima. Akavikata tena. Mchana wa tatu tulifika milimita 1, akasema inatosha, nami nikamwomba tupime mara ya nne kwa kuwa nilikuwa nimeanza kupenda kupima.

Nikiwa nimepiga magoti pale na chaki mkononi niliona kitu ambacho sanduku langu halikuwahi kulalamikia. Fimbo ile ya zamani, pamoja na aidla iliyolegea na boljointi zilizochoka, ilikuwa imewekwa mahali pake na watu waliopiga hesabu hiihii mbele ya karatasi kubwa huko Japani, kabla sijajua kusoma. Kwa miaka 11 usukani wangu ulikuwa na mchezo, ulichelewa, ulinichosha, lakini kwenye shimo haukuwahi kunigeuzia gari. Kazi hiyo ulikuwa ukiifanya kimya. Mtu anayeng'oa kitu cha zamani huona kasoro zake kwa sababu kasoro hupiga kelele; lile ambalo kitu hicho kilikuwa kikilizuia lisitokee haliwezi kuonekana mpaka kitoke. Magari kadhaa ya zamani yaliyowekewa reki, mengine kwa fedha nyingi, nimeyaendesha, na yanaruka njia kwenye kila tuta. Wenyewe hudhani hiyo ndiyo tabia ya reki. Tabia ya reki haina kosa. Walinunua chuma bila kununua mahali pake.

Kuna hesabu ya pili, ya kale zaidi. Gari likiwa kwenye kona, gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo ni lazima ligeuke zaidi. Aliyetatua hilo kwa mikono miwili iliyoinamishwa ni Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, na hataza yake iliandikishwa London mwaka 1818 na Rudolph Ackermann, ndiyo maana ulimwengu unaitaja kwa jina la Ackermann. Reki ikisogezwa mbele au nyuma ya mahali palipotarajiwa, tofauti hiyo ya pembe hubadilika. Tulisimamisha kila tairi juu ya vipande viwili vya bati vilivyopakwa grisi katikati, tukageuza usukani, tukapima pembe. Hapo bahati ilikuwa upande wetu na sina mengi ya kusema.

Shafti ya usukani sasa ililazimika kupinda ili kuifikia reki, na hapo tuliweka viungo viwili vya msalaba. Kiungo kimoja cha namna hiyo kikikaa kwa pembe hakizungushi kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Cha pili kikipangwa sawasawa na cha kwanza, kosa la kimoja hufutwa na mwenzake. Kikikosewa kwa robo ya mzunguko, makosa hujumlishana na usukani huwa mzito na mwepesi kwa zamu. Kijana alivipanga, fundi akaja akavizungusha kwa mkono akiwa amefumba macho, akakubali. Nilipopendekeza tuchomelee kipande kilichopungua kwenye shafti ili tumalize jioni ile, aliweka spana chini. "Shafti ya usukani haichomelewi hapa kwangu." Tulingoja siku nne kupata kipande chenye meno yanayoingiana, kinachofungwa kwa bolti. Faida moja ya shafti iliyopinda sikuitegemea: katika magari mengi ya zama zile shafti ilinyooka kama mkuki kutoka mbele ya gari hadi kifuani mwa dereva. Yenye viungo ina mahali pa kukunjika.

Rafiki yangu mmoja anayethamini magari ya zamani kuliko mimi alikuja kuona, akaniambia nimeliharibu. Kwake, 510 bila sanduku lake ni maandishi yaliyofutwa mstari. Ninamwelewa, na kama gari hili lingekuwa lilelile la Herrmann ningekuwa upande wake na nisingekubali liguswe hata nati moja. Lakini langu halina historia ya kuwekwa kwenye kabati la kioo. Lina historia ya kwenda. Watu waliolishika kabla yangu waliweka betri mpya, bushi mpya, kioo kutoka gari jingine, na kila mmoja alifanya hivyo ili liendelee kutoka getini asubuhi. Nilimwonyesha sanduku limefungwa kwa kitambaa cha oili, gololi zake ndani ya kopo lenye mfuniko, na krosimemba ya asili ukutani. Alivitazama muda mrefu. Hakubadili maneno yake, nami sikumwomba.

Jumapili tulishuka barabara ya Magadi. Kupitia Kiserian niliendesha mimi, na kwa kilomita za kwanza nilikuwa mwendeshaji mbaya, kwa sababu mikono yangu ilikuwa bado ikitangulia kugeuza mapema, ikilipa deni la mchezo ambao haukuwepo tena. Gari lilitii kila kitu nilichokisema, pamoja na yale ambayo sikukusudia kuyasema. Ilinibidi ninyamaze mikononi. Kisha barabara ikaanza kunifikia: ukingo wa lami uliomong'onyoka, mchanga kidogo juu ya kona, kiraka kipya kilicho laini kuliko lami inayokizunguka. Fundi alikuwa amekaa kando yangu, mkono mmoja juu ya dashibodi, kimya.

Kona Baridi tulibadilishana. Alirekebisha kiti, akashika usukani pale chini, kama madereva wa Pijo walivyoushika, na akaliachia gari literemke kuelekea bonde. Kwenye kona ya kwanza ndefu aligeuza, na ilipokaribia kuisha akafungua viganja vyote viwili bila kuviondoa. Usukani ukazunguka katikati ya vidole vyake, bila haraka, ukasimama ulipopaswa kusimama. Alirudia hivyo kwenye kona ya pili na ya tatu. Tulipita tuta ambalo mtu hulijua tu akiwa amelipita, na gari likabaki kwenye mstari wake.

"Linazungumza sana," akasema.

"Nilipunguze? Raba laini kwenye vishikio?"

Alifikiri hadi tulipoufikia mti wa mgunga ulio peke yake kando ya barabara. Akaegesha chini ya kivuli chake, akatoa tochi na spana kwenye mfuko wa koti, akalala chali juu ya gunia. Nilimsikia akigusa nati moja baada ya nyingine, akizitaja kwa kijana aliyechuchumaa karibu na tairi na kikopo cha rangi nyeupe, naye akichora alama ndogo kwenye kila moja ili ikisogea ionekane.

"Kilomita 100," akasema kutoka chini. "Kisha unaniletea, tunaziangalia tena. Hizo raba tutaona baadaye."